Kutengeneza na Kupima Kigunduzi cha Nyutroni chenye Gesi: Mrija wa Boroni kwa Maabara Ndogo

Nyutroni haina chaji. Inapita katikati ya gesi bila kung'oa elektroni, kwa hiyo waya uliotandazwa ndani ya mrija hauihisi kabisa. Dawa yake ni kuiwekea njiani kiini cha atomu kinachoimeza na kupasuka vipande viwili vyenye chaji. Vipande hivyo ndivyo vinavyomwaga elektroni ndani ya gesi, na elektroni hizo ndizo tunazozisoma.

Mwongozo huu unafuata mrija mmoja: urefu wa sm 30, kipenyo cha ndani mm 24, ukuta uliopakwa kabaidi ya boroni kwa ndani, na gesi ya argoni inayopita polepole kwa kanieneo ya kawaida ya hewa. Idara ya fizikia yenye karakana ya wastani inaumudu. Namna ya kuupima ni ileile kwa mrija wa heliamu-3 uliofungwa kiwandani, na pale panapotofautiana pameelezwa.

Jambo moja lishike tangu mwanzo: idadi ya hesabu peke yake haithibitishi chochote. Kelele za umeme, miale ya gama, unyevu kwenye soketi, vyote vinaongeza hesabu na vyote vinafanana na nyutroni ukitazama namba tu. Kinachotofautisha ni spektra, yaani mgawanyo wa ukubwa wa mapigo. Jenga kila kitu kwa lengo la kupata spektra inayosomeka.

Kuchagua kiini

Viini viwili ndivyo vinavyotumika zaidi kwenye mirija ya gesi. Heliamu-3 ikimeza nyutroni hutoa protoni ya 573 keV (elfu za elektronivolti, kipimo cha nishati) na tritoni, yaani kiini cha tritiamu, ya 191 keV, jumla 764 keV. Eneo lake la mgongano, yaani kipimo cha uwezekano wa kumeza nyutroni, kwa nyutroni zilizopoa (0.0253 eV, mwendo wa mita 2,200 kwa sekunde) ni bani 5,330 hivi (bani moja ni sm² 10⁻²⁴). Boroni-10 hutoa chembe ya alfa na kiini cha lithiamu-7. Katika asilimia 94 ya matukio alfa hupata 1.47 MeV (MeV moja ni keV 1,000) na lithiamu 0.84 MeV, pamoja na mwale wa gama wa 478 keV. Katika asilimia 6 zilizobaki alfa hupata 1.78 MeV na lithiamu 1.01 MeV. Eneo lake la mgongano ni bani 3,840.

Kwa ufanisi, heliamu-3 haina mpinzani. Mrija wa sm 2.5 wenye angahewa 4 za heliamu-3 una atomu karibu 9.8 × 10¹⁹ kwa kila sentimita ya ujazo. Zidisha kwa eneo la mgongano upate 0.52 kwa sentimita. Nyutroni iliyopoa inayokatiza katikati ina uwezekano wa asilimia 73 hivi wa kukamatwa, na wastani wa upana wote wa mrija ni kama asilimia 60. Tatizo ni upatikanaji. Heliamu-3 hutokana na kuoza kwa tritiamu, ambayo nusu-uhai wake ni miaka 12.3, na tritiamu yenyewe ilitengenezwa kwa ajili ya silaha za nyuklia. Kufikia 2008 na 2009 ilidhihirika kwamba mahitaji yameizidi akiba, bei ikapanda sana, na maabara nyingi duniani zikageukia boroni.

Gesi ya boroni trifloridi nayo hutumika, lakini usiijaribu. Ni sumu, na ikikutana na unyevu hutoa asidi ya haidrofloriki. Mrija wake uliofungwa kiwandani unaweza kuutumia. Kuujaza mwenyewe, hapana. Ndiyo maana hapa boroni iko ukutani, ikiwa ngumu, na gesi ni mchanganyiko wa argoni usio na sumu, ingawa unaweza kusukuma nje hewa ya chumba kilichofungwa. Fungua madirisha.

Tabaka la boroni: hapa ndipo mrija hufa au kupona

Boroni ya asili ina asilimia 20 tu ya boroni-10. Iliyobaki ni boroni-11, ambayo haina msaada wowote kwetu. Kabaidi ya boroni ya kawaida, ile ya unga wa kusagia na kung'arishia vyuma, ni nafuu na inatosha kwa mrija wa kwanza. Iliyorutubishwa hadi asilimia 96 ni ghali na huagizwa kwa oda maalumu.

Unene ndio suala. Alfa ya 1.47 MeV husafiri maikromita 3.5 hivi tu ndani ya kabaidi ya boroni, na lithiamu takriban nusu ya hapo. Tabaka likiwa nene kuliko umbali huo, nyutroni inamezwa chini kabisa, vipande vinafia ndani ya tabaka, na gesi haipati kitu. Likiwa jembamba mno, nyutroni nyingi zinapita bila kukamatwa. Maikromita 2 ni mahali pazuri. Kwa unene huo tabaka la asili linameza asilimia 1.7 ya nyutroni zilizopoa zinazoingia wima, na zaidi kidogo ya nusu ya matukio hayo hufikisha kipande kwenye gesi. Yaani asilimia 1 kwa kila ukuta, asilimia 2 kwa mrija mzima. Ukitumia iliyorutubishwa, ukuta mmoja hufikia asilimia 4 hadi 5. Usikate tamaa kwa asilimia 2. Kwa kujifunzia na kwa kulinganisha vyanzo inatosha.

Huwezi kupima maikromita 2 kwa kaliba, lakini unaweza kuzipima kwa mizani. Kabaidi ya boroni ina msongamano wa gramu 2.52 kwa sentimita ya ujazo, kwa hiyo maikromita 2 ni sawa na miligramu 0.5 kwa kila sentimita ya mraba. Eneo la ndani la mrija wetu ni sm² 226, hivyo unahitaji karibu miligramu 114 zilizoshika vizuri. Mizani ya kemia inayosoma miligramu 0.1 inatosha kabisa.

Usipake mrija moja kwa moja. Kata karatasi ya alumini yenye upana wa sm 7.5 na urefu wa sm 30, ipake ikiwa imelala, kisha ikunje uiingize ndani. Fanya hivi:

1. Tafuta unga wenye chembe ndogo kuliko maikromita 1. Unga wa chembe za maikromita 10 hauna maana, kwa kuwa kila chembe moja tayari ni nene kuliko safari ya alfa.
2. Osha karatasi kwa sabuni, kisha asetoni, kisha alkoholi ya isopropili. Ikaushe, ipime uzito.
3. Changanya unga na isopropili na gundi ya polima kidogo, isizidi asilimia 5 ya uzito wa unga. Gundi ikizidi nayo inakula nishati ya alfa. Tikisa mchanganyiko muda wote, maana unga huzama haraka.
4. Pulizia kwa bomba dogo la rangi, sm 20 kutoka kwenye karatasi, kwa mapito mengi mepesi. Acha pakauke kati ya pito na pito. Pima uzito kila baada ya mapito machache hadi ufikie miligramu 110 hadi 120.
5. Kausha kwenye oveni kwa nyuzi 100 za Selsiasi kwa saa kadhaa ili mvuke wa alkoholi na maji utoke wote. Halafu pindua karatasi na uigonge kwa kidole. Unga ukianguka, rudia kazi. Chembe moja ikidondokea waya wenye volti elfu moja, mrija utapiga cheche bila kukoma.

Unga huu usiuvute puani. Vaa barakoa ya vumbi jembamba.

Mrija, waya na viungo

Mwili ni bomba la alumini lenye ukuta wa mm 1. Alumini hupitisha nyutroni bila kuzidhuru. Isafishe kwa namna ileile uliyoisafisha karatasi, na usiguse ndani kwa mkono mtupu. Mafuta ya kidole hutoa mvuke unaochafua gesi.

Anodi ni waya wa tangsteni uliochovywa dhahabu, kipenyo maikromita 25. Waya mwembamba hivi hukupa uga mkubwa wa umeme kwa volteji ndogo. Kwa vipimo vyetu, volti 1,000 huleta karibu kV 116 kwa sentimita kwenye uso wa waya. Ning'iniza gramu 50 kwenye ncha moja, acha waya unyooke, kisha ubane ndani ya kijibomba cha shaba na kulehemu. Waya huu hukatika karibu na gramu 120, kwa hiyo usiongeze uzito kwa kudhani unaunyoosha zaidi. Uliolegea nao hucheza, na mapigo yake hubadilika ukubwa kila meza inapoguswa. Kagua kwa kioo cha kukuzia urefu wote: palipopinda au kukwaruzika ndipo cheche zitakapoanzia.

Vifuniko vya mwisho ni vya tefloni, vyenye oringi, na kila kimoja kina tundu la gesi. Katikati panapita kijibomba cha anodi. Hakikisha waya uko katikati kwa usahihi wa sehemu ya kumi ya milimita. Soketi ya volteji kubwa iwe ya SHV na si BNC ya kawaida, ambayo haikutengenezwa kwa volti elfu moja. Mwili wa mrija uunganishwe na ardhi. Volteji chanya iende kwenye waya.

Kabla ya gesi, fanya jaribio la kuvuja. Ziba tundu moja, ingiza hewa kidogo yenye kanieneo kwenye lingine, zamisha viungo kwenye maji au pakaa povu la sabuni. Mrija wa gesi inayopita husamehe uvujaji mdogo sana, lakini si ule unaoona kwa macho. Mrija wa kufungwa moja kwa moja hausamehi hata huo, na unahitaji pampu ya ombwe na kigunduzi cha uvujaji kinachotumia heliamu.

Gesi

Chaguo la kwanza ni P-10, yaani argoni asilimia 90 na methani asilimia 10. La pili ni argoni asilimia 90 na kaboni dioksidi asilimia 10. Methani au kaboni dioksidi iko pale kumeza mwanga wa urujuanimno unaotoka kwenye mmiminiko wa elektroni; bila hiyo kila pigo lingezaa mengine. Argoni na kaboni dioksidi hupatikana kwa wauzaji wa gesi za kuchomelea, mara nyingi kwa mchanganyiko wa 82 kwa 18 pia, na huo hufanya kazi kwa volteji iliyo juu zaidi. Mwombe muuzaji daraja la juu la usafi na cheti chake.

Adui ni oksijeni. Elektroni ikikutana na molekuli ya oksijeni huganda nayo kabla ya kufika kwenye waya, na kwenye mchanganyiko wenye kaboni dioksidi hali huwa mbaya zaidi. Kwa hiyo safisha vya kutosha. Ujazo wa mrija ni mililita 136. Baada ya kupitisha ujazo mara tano bado imebaki hewa karibu asilimia 0.7, nyingi mno. Pitisha mara kumi, yaani lita 1.4, kwa mililita 50 kwa dakika ni nusu saa hivi. Kisha punguza hadi mililita 20 kwa dakika na uache iendelee. Upande wa kutokea weka chupa ndogo ya mafuta, mrija ukitumbukia milimita chache, ili uone mapovu na hewa isirudi ndani. Tumia bomba la shaba au la nailoni. Mpira wa silikoni hupitisha oksijeni na maji kupitia ukuta wake, ingawa hauonekani kuvuja.

Umeme wa kusoma mapigo

Alfa ya 1.47 MeV huzaa jozi 56,000 hivi za elektroni na ioni, ambazo ni femtokulombi 9 tu. Ukuzaji ndani ya gesi huongeza. Kwa P-10, kipenyo hiki na waya huu, ukokotoaji wa kawaida wa Diethorn (fomula ya ukuzaji ndani ya gesi) unatoa ukuzaji wa karibu 20 kwa volti 900, 44 kwa volti 1,000 na 100 kwa volti 1,100. Huna haja ya kuzidi hapo. Kwa ukuzaji wa 44 chaji inakuwa pikokulombi 0.4, na priamplifaya ya chaji (kikuzaji cha kwanza cha pigo) kama CR-110 ya Cremat, inayotoa volti 1.4 kwa pikokulombi, inakupa pigo la zaidi kidogo ya nusu volti. Hilo linaonekana waziwazi kwenye osiloskopu.

Volteji ipite kwanza kwenye kichujio: rezista ya megaohmu 10, kapasita ya nanofaradi 10 hadi ardhini, rezista nyingine ya megaohmu 10 hadi kwenye anodi. Kutoka anodi, kapasita ya nanofaradi 1 hupeleka pigo kwenye priamplifaya. Kapasita zote ziwe za kV 3. Priamplifaya ikae ndani ya kisanduku cha chuma kilichoshikana na mrija wenyewe. Mrija na soketi zake ni pikofaradi chache tu, wakati mita moja ya kebo ya koaksia inaweza kuongeza pikofaradi 100, na kila pikofaradi huongeza kelele.

Amplifaya ya kuumba pigo iwekwe kwenye maikrosekunde 2. Alfa ikitokea sambamba na waya elektroni zake hufika pamoja. Ikielekea waya hufika kwa kuachana. Ukitumia muda mfupi mno, mapigo ya nishati moja yatatoka na ukubwa tofauti.

Panda volteji polepole, volti 50 kila nusu dakika. Ukizima, subiri kapasita zijimwage kabla ya kugusa chochote. Pia kuchomoa kebo ikiwa na volteji huua priamplifaya mara moja.

Chanzo cha nyutroni, kwa kibali

Chanzo cha mionzi hakinunuliwi wala hakiazimwi kienyeji. Tanzania ni Tume ya Nguvu za Atomiki, yenye makao yake Arusha, inayotoa kibali. Kenya ni mamlaka ya udhibiti wa nyuklia, KNRA. Njia nyepesi kwa maabara ndogo ni kushirikiana na mwenye leseni ambaye tayari ana kipima unyevu na msongamano wa barabara. Vifaa vya aina ya Troxler 3440 vina ameriki-berili ya GBq 1.48 (bekereli bilioni 1.48) iliyofungwa ndani ya kitako, inayotoa kiasi cha nyutroni 70,000 hadi 90,000 kwa sekunde wakati wote. Kifaa kisifunguliwe kamwe. Weka mrija wako kando yake na opereta mwenye leseni awepo. Kwa mita moja dozi ya nyutroni ni takriban maikrosivati 1 kwa saa. Ni ndogo, lakini bado usikae hapo bila sababu.

Ukipata kalifoni-252, kumbuka nusu-uhai wake ni miaka 2.645. Chanzo kilichopimwa mwaka mmoja uliopita kinatoa asilimia 77 tu ya namba iliyoandikwa kwenye cheti. Ameriki-berili haina shida hiyo, maana ameriki-241 huishi miaka 432 kwa nusu.

Nyutroni kutoka kwenye ameriki-berili zina wastani wa MeV 4 hivi, na boroni haizijali zikiwa na kasi hiyo. Zipunguze mwendo kwa politheni nzito yenye unene wa sm 5 hadi 7 kuzunguka mrija. Mbao nene za kukatia nyama, zile nyeupe za plastiki, nyingi ni politheni hiyohiyo. Zipange na kuzifunga kwa mkanda. Nta ya mishumaa, yaani parafini, hufanya kazi sawa ila inashika moto. Kwa chanzo cha Troxler umbali wa nusu mita, mrija wa boroni ya asili utahesabu chache tu kwa sekunde. Mrija wa heliamu-3 wa ukubwa huo utahesabu makumi.

Kusoma spektra

Anza na volti 700 na upande kwa hatua za 25. Unganisha kichambuzi cha ukubwa wa mapigo, kinachopanga mapigo kwenye chaneli kwa ukubwa wake, na ukusanye saa moja nzima.

Mrija wa boroni hauonyeshi kilele. Kila alfa hupoteza kiasi tofauti ikipenya tabaka, kwa hiyo unaona mteremko: juu kushoto, kisha bega pale lithiamu inapoishia karibu na 0.84 MeV, kisha ukingo unaoshuka hadi sifuri karibu na 1.47 MeV, na mkia mdogo hadi 1.78. Sababu ya kutoona alfa na lithiamu kwa pamoja ni kwamba hurushwa kinyume. Mmoja akielekea gesi, mwenzake amezama ukutani. Ukingo wa 1.47 ndio rula yako. Gawanya 1.47 kwa namba ya chaneli unapoangukia, na unapata kipimo cha nishati kwa kila chaneli.

Mrija wa heliamu-3 una sura nyingine: kilele chembamba kwenye 764 keV, na kushoto kwake rafu yenye ngazi mbili, moja kwenye 573 na nyingine kwenye 191. Ngazi hizo ni matukio yaliyotokea karibu na ukuta, protoni au tritoni ikagonga chuma kabla ya kumaliza nishati yake. Chini ya 191 kuna bonde tupu, halafu kelele na gama. Bonde hilo ndilo linalofanya heliamu-3 ipendwe, kwani kizingiti (ukubwa wa chini wa pigo linalohesabiwa) ukikiweka humo hakiathiri hesabu hata kikisogea kidogo.

Boroni haina bonde kama hilo, na hapa ndipo wengi hujidanganya. Kizingiti kikiwa chini sana unahesabu gama. Kikiwa juu sana unatupa nyutroni halali. Weka kati ya 150 na 200 keV, kisha kithibitishe kwa majaribio yanayofuata.

Ukingo ukionekana umetandazwa hadi hautambuliki, chunguza mambo kwa mpangilio huu: unene usio sawa wa tabaka, waya usio katikati, gesi chafu. Gesi chafu hujitambulisha kwa sababu spektra nzima husinyaa kushoto kadiri saa zinavyopita, au hupanuka ukiongeza mtiririko. Waya usio katikati haubadiliki na muda.

Jaribio la boraksi

Hili ndilo jaribio la bei rahisi na lenye ushahidi mkubwa kuliko yote. Mrija ukiwa ndani ya politheni, hesabu kwa kizingiti chako. Kisha zungusha mrija wenyewe, kati yake na politheni, kwa ala ya kadimiamu ya mm 1, na uhesabu tena. Kadimiamu humeza nyutroni zote zilizo chini ya 0.5 eV. Hesabu zikianguka vibaya, ulikuwa unahesabu nyutroni. Zikibaki karibu zilezile, ulikuwa unahesabu kitu kingine.

Kadimiamu ni sumu na si rahisi kuipata. Boraksi inapatikana: sonara na wachimbaji wadogo wa dhahabu huitumia kuyeyushia. Unga wake wenye unene wa sm 1, ukiwa ndani ya mfuko uliozungushiwa mrija, huzuia karibu asilimia 98 ya nyutroni zilizopoa. Acha nafasi ya kutosha kwenye politheni mapema.

Gama, uwanda na hesabu za mazingira

Ondoa chanzo cha nyutroni, lete sesiamu-137 au kobalti-60, na utazame spektra. Gama hutoa mapigo madogo, kwa sababu elektroni inayong'olewa ukutani huacha keV chache tu kwa kila sentimita ya argoni. Lakini gama zikiwa nyingi mapigo hayo hupandana na kuvuka kizingiti. Kwa vigunduzi vya milango ya mipakani, kipimo kinachotumika ni gama zisizozidi moja katika milioni kuhesabiwa kama nyutroni kwenye uga wa miliroentjeni 10 kwa saa, na hesabu za nyutroni zisibadilike zaidi ya asilimia 10 gama zikiwapo. Pandisha kizingiti hadi mrija wako ukaribie hapo.

Baada ya hapo chora uwanda, yaani mchoro wa hesabu dhidi ya volteji: kizingiti kimoja, volteji ikipanda kwa 25, na hesabu 10,000 kila hatua ili kosa la bahati libaki asilimia 1. Heliamu-3 nzuri huongezeka chini ya asilimia 1 kwa volti 100. Boroni hupanda zaidi, asilimia kadhaa, na hilo ni umbile lake. Fanyia kazi katikati ya sehemu iliyolala zaidi, na uache nafasi kabla ya mahali hesabu zinaporuka ghafla.

Hesabu za mazingira zipime usiku kucha bila chanzo chochote. Zinatoka kwenye nyutroni za anga na kwenye alfa za urani na thori zilizomo ndani ya alumini yenyewe. Nairobi utapata nyutroni za anga zaidi ya mara tatu ya Mombasa, kwa kuwa hewa iliyo juu yako ni pungufu. Hata mahali pamoja zinabadilika kwa asilimia 0.7 hivi kwa kila hektopaskali, hivyo andika kipimo cha baromita kila mara.

Mwinuko unabadilisha pia mrija wenyewe, na hili husahaulika. Gesi inayopita ina kanieneo ya hewa ya nje. Kwa volti 1,000 kila asilimia 1 ya upungufu wa msongamano huongeza ukuzaji kwa asilimia 4 hivi. Mrija uliorekebishwa Mombasa ukipelekwa Nairobi kwa volteji ileile, ukuzaji wake utapanda kutoka 44 hadi 100 hivi. Punguza volti 90 kwanza, kisha tafuta ukingo wa 1.47 upya. Chumba kinachopata joto kutoka nyuzi 20 hadi 30 nacho kinasogeza ukuzaji kwa asilimia 14. Mrija uliofungwa hauna tatizo hili.

Mambo yanayoharibika

Hesabu zinazokuja kwa mafungu mafungu, hasa asubuhi za pwani zenye unyevu, karibu kila mara ni umeme unaotambaa juu ya tefloni au ndani ya soketi. Futa kwa isopropili, kausha kwa upepo wa moto, funika soketi pamoja na mfuko wa silika. Mafungu yakiendelea hata pakiwa pakavu, shusha volteji hadi yakome. Kama ni chini ya volti 900 kwa P-10, kuna chembe au ncha kwenye waya, na dawa ni kufungua.

Kelele ya mawimbi yenye mdundo wa Hz 50 ni mzunguko wa ardhi. Mrija, priamplifaya na chanzo cha volteji vishike ardhi kwa nukta moja tu.

Hesabu zikiwa nyingi kiasi cha mapigo kupandana, pima muda mfu (muda baada ya pigo ambao kigunduzi hakiwezi kuhesabu jingine) kwa vyanzo viwili: hesabu r₁ kwa cha kwanza, r₂ kwa cha pili, r₁₂ kwa vyote pamoja bila kuvisogeza, na kila kimoja uondoe hesabu za mazingira. Muda mfu ni takriban (r₁ + r₂ − r₁₂) ÷ (2 r₁ r₂). Kwa chanzo cha barabarani hautaonekana. Kwa chanzo cha maabara kubwa unaweza kula asilimia kadhaa. Lengo la tofauti hiyo ndogo halifikiwi kwa hesabu mia tano: kusanya angalau 100,000 kwa kila kipimo, la sivyo jibu linaweza kutoka hasi.

Mwisho, acha mrija ufanye kazi saa 24 mfululizo ukiwa na chanzo mahali pamoja. Kila saa andika hesabu, mahali pa ukingo wa 1.47, joto, kanieneo na mtiririko wa gesi. Hesabu zikihama pamoja na ukingo, sababu ni ukuzaji, na utaipata kwenye safu ya joto, kanieneo au mtiririko. Hesabu zikihama ukingo ukiwa umetulia, angalia kizingiti, kebo, au mtu aliyesogeza politheni.